Viazi Vilivyotolewa Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Ameniamsha tena kwa gunia. Halibebi — analiburuta, kutoka getini hadi varandani, na akifika usawa wa mlango wangu analiangusha puu, kisha anapumzika. Hapo hapo. Varanda nzima ipo ya kupumzikia, lakini mkwe wangu huchokea mlangoni kwangu tu.

"Umeamkaje, baba?" Sauti ya asali, uso umegeukia ukuta.

"Salama, mama."

Ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Mtu akipita atasema hawa wanaheshimiana.

Sasa yuko kwenye simu na dada yake. Anajua dirisha langu liko wazi. Anasema siku hizi kuna watu wanalala ndani na viazi vinalala nje kama mbwa. Kacheka. Dada mtu naye lazima kacheka.

Ndiyo, chumba hiki kilikuwa stoo ya viazi vyake. Sikuja kwa kuvunja kufuli. Mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga alipoitaka nyumba yake, mwanangu alinifuata mwenyewe: njoo, mzee, stoo ina nafasi. Akatoboa ukuta, akanitilia dirisha nipate kusoma. Viazi vikahamia varandani. Tangu mwaka uanze niko hapa na bado mke wake hasemi chumba cha baba. "Mpelekee baba chai stoo." Nimesikia jana. Nimesikia na juzi.

Kikaango chake kiko getini, chipsi kutwa. Mashati yangu yote yananuka mafuta. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote na sasa nanuka kama karai.

Jumatano, 5 Machi

Kijani. Nimekiona asubuhi nikienda kunawa. Gunia la juu limefunguka mdomo, na viazi vinavyotazama taa vimeanza kubadilika ngozi — kijani hafifu, kama alama ya pigo linalopona. Mwanangu ni fundi umeme, majirani wanamwita Waya. Alifunga taa ndefu nyeupe juu ya varanda kwa ajili ya wezi. Mchana jua, usiku taa. Viazi vile havijaona giza tangu vishushwe kwenye gari.

Wakati wa chakula cha jioni nikamweleza Waya. Nikamwambia kiazi mviringo si mzizi. Ni shina lililojificha chini ya udongo, ndiyo maana kina macho, na yale macho ni machipukizi. Ukoo wake ni mmoja na jani. Kikipata mwanga hakiulizi kiko wapi: kinaanza kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, kinajaribu kujipikia chakula chake kama jani. Hata karoti, ambayo ni mzizi kabisa, shingo ikichungulia juu ya udongo hugeuka kijani. Kijani chenyewe hakina ubaya. Ubaya ni kwamba mwanga ule ule unakiamsha kiazi kijaze sumu kwenye ngozi. Solanini. Chungu. Na haifi kwenye mafuta ya moto.

Waya akaendelea kutafuna. "Mzee, si rangi tu hiyo?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka jikoni, taratibu, kama anayezungumza na masufuria: "Mwambie baba, kama mwanga unaviumiza, giza tunajua lilikuwa wapi."

Chakula kikanishinda. Nikanywa maji, nikaaga.

Alhamisi, 6 Machi

Waya kaleta turubai jeusi. Ni ushauri wangu, nimempa asubuhi kabla hajaenda kazini: kama hawezi kuviweka chumbani kwao, avifunike. Chumbani kwao kuna kitanda, kabati na majokofu mawili mabovu ya wateja. Haya, turubai.

Mkwe kavifunika bila neno. Alivyokuwa akikaza zile kamba ungedhani anafunga mzigo wa mtu anayehama.

Na mimi nimechukua viazi viwili, vyote vizima, vyote vyeupe. Kimoja nimekiweka dirishani. Kingine ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Watu wengine hawaelewi mpaka waone kwa macho yao. Nimewafundisha wengi wa aina hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Harufu. Nilidhani ni panya aliyekufa darini. Si panya.

Jumamosi, 15 Machi

Varanda ina bati, bati lina jua, na turubai jeusi limepika kila kitu chini yake. Magunia mawili yamekuwa uji. Maji meusi yanachuruzika hadi kwenye ngazi.

Sikusema avifunike bila kuacha hewa. Nilisema afunike. Mwanafunzi yeyote angeuliza, mwalimu, na hewa je? Yeye hakuuliza.

Na unajua kavimwaga wapi? Chini ya dirisha langu. Uwanja upo, shimo la taka lipo nyuma ya choo, lakini kabeba ndoo moja moja, kazunguka nyumba nzima, kavimwaga hapa. Kila ndoo ikimwagika anasema, "Samahani, baba." Mpaka gunia la pili likaisha. Inzi wakaja kama wamealikwa.

Nimefunga dirisha. Mara ya kwanza tangu litobolewe. Nimekaa gizani mchana kutwa, natoka jasho, na yeye nje anafagia huku anapiga mluzi.

Waya karudi jioni, kaona, kachukua koleo, kavizika kimya. Mama yake angekuwa hai angetusema wote watatu kwa pumzi moja.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimeshindwa. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Waya hakuwa na kazi, tukala mchana sote mezani, jambo la nadra. Baada ya chakula nikaenda chumbani, nikaleta viazi vyangu viwili, nikaviweka mbele ya sahani ya mkwe. Sikuongea kwa ukali. Niliongea kama ninavyoongea darasani.

"Hiki kimelala gizani," nikasema. "Hiki kimekaa dirishani. Vimetoka gunia moja. Unaona nini?"

Cha kopo kilikuwa kama nilivyokichukua. Cha dirishani kimekuwa kijani upande mzima, na kwenye macho kimeanza kutia zambarau. Mfano mzuri sana. Sijawahi kupata mzuri kama huo shuleni.

Akavitazama kwa zamu. Kisha akaniangalia usoni — mkwe, machoni pangu, kitu ambacho hajakifanya tangu nihamie.

"Naona dirisha, baba."

Waya akakohoa. Yeye akainuka na kile cha kijani, akaenda jikoni. Tukasikia kisu. Tukasikia mafuta. Nikadhani anatupatupa vyombo kwa hasira tu. Akarudi na kisahani, chipsi za kiazi kimoja, chumvi juu. Akasimama pale pale, akaanza kula. Moja moja. Ananitazama mimi. Nikasema, mama, usifanye hivyo. Akaendelea. Waya akasema, we, acha utoto. Akaendelea. Midomo ilikuwa inamkunjika, uchungu ule naujua, machozi yalimlengalenga, lakini akamaliza chote na akalamba chumvi kwenye kidole.

"Kikoje?" Waya akamuuliza.

"Kitamu."

Jumatatu, 24 Machi

Hajaumwa. Nilikaa nasikiliza kama atatoka kwenda chooni. Hakutoka. Asubuhi kaamka anaimba, gunia lake puu mlangoni kwangu.

Bila shaka hajaumwa. Kiazi kimoja, mwanamke mwenye afya, tumbo lililoshiba. Kipimo ndicho kinachoua. Nani wa kumweleza sasa? Mbele ya mumewe nimeonekana mzee anayeogopa rangi.

Sitasema tena. Somo limefungwa.

Alhamisi, 27 Machi

Turubai limetupwa. Shehena mpya imefika na imekaa wazi, juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani sasa ni kijani kitupu. Tangu yale magunia mawili yaoze hatupi kitu. Anamenya juujuu, ngozi nyembamba kama karatasi, kila kinachoshikika kinaingia kwenye mafuta.

Mchana dereva wa lori kasimamisha gari, kanunua sahani, kala vijiti vitatu vinne, katema chini. Akamuuliza mkwe, Mama Chipsi, siku hizi unakaangia dawa ya malaria? Wateja wakacheka. Akamrudishia sahani mkononi kabisa, hakuiweka mezani.

Nilikuwa dirishani. Roho ikanisuuzika. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna mwingine anayesoma. Niliiona aibu ikimpanda shingoni na nikahisi nimeshushiwa chakula kizuri.

Jioni Waya kapita mlangoni kwangu, kasimama, kachungulia varandani, kachungulia kwangu.

"Mzee, kuna neno?"

"Hakuna."

"Viazi viko sawa?"

"Muulize mwenye viazi."

Kisha akaenda kuoga.

Jumapili, 30 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara walikuwa wanamuaga mwenzao. Waliagiza chipsi za watu wote, trei nzima, na mkwe akazijaza kutoka magunia ya chini. Nilimwona akiyafungua. Nilikuwa nimekaa na kitabu.

Asubuhi ya leo nikasikia kelele getini. Nilidhani ni mambo ya soda au chenji. Nikatoka. Watu kama sokoni. Watano kati ya wale mafundi wametapika hadi asubuhi, matumbo yanawakata, wawili hawajaweza kusimama. Wote wamelazwa hospitali, na aliye hoi zaidi ni mchomeleaji wao, yule mnene wanayemwita Bonge. Wanasema alikula sahani yake na za wengine walioona uchungu. Anaweweseka. Hamtambui hata mdogo wake.

Huyo mdogo mtu ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Akalipiga karai teke, akalipindua. Mafuta yakatambaa mpaka barabarani. Bahati yalikuwa baridi. Akasema, mchawi wewe, umewapa nini? Mkwe alikuwa amesimama na kanga mabegani, mikono imelegea. Anasema tu ni viazi, ni viazi tu, jamani, viazi na mafuta na chumvi. Alikuwa anaamini kabisa. Alikwishakula kimoja mwenyewe.

Nikabaki kwenye ngazi. Hakuna aliyeniuliza, sikusema.

Watu walipotawanyika Waya akanifuata ndani. Hakukaa.

"Ni ile sumu?"

"Inaelekea."

"Vilikuwa kijani tena?"

"Vilikuwa."

"Tangu lini?"

Nikamwambia alikuwa na macho yake, angeweza kuangalia. Taa aliifunga yeye. Gunia anapita juu yake kila siku.

"Mimi ni fundi umeme, mzee. Nilikuuliza Alhamisi. Nilisimama hapa nikakuuliza."

"Nilishasema mara ya kwanza. Mkeo alinijibu nini? Na mara ya pili akanilia usoni. Ulitaka nipige magoti?"

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kwa mwanangu, bila kupandisha sauti: "Kumbe uliona bora wale watu waumwe, kuliko yeye akushinde."

Akatoka. Chakula cha mchana hakikuja stoo. Cha jioni pia. Stoo — ona sasa, na mimi nimeandika hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Wanne wameruhusiwa. Bonge bado. Wamemtundikia dripu, na daktari kauliza alikula nini, kauliza kama viazi vilikuwa vya kijani. Kwa hiyo imeshajulikana. Bwana afya anakuja keshokutwa kukagua. Kikaango kimefungwa hadi hapo, na Bonge akizidiwa si kikaango tu kitakachofungwa.

Mchana hodi ikabishwa mlangoni. Mkwe. Hajawahi kubisha. Huwa anaacha sahani sakafuni, anapiga kitasa kwa kidole, anaondoka.

Akasimama nje ya kizingiti, macho chini, kama inavyotakiwa. Amekonda siku mbili hizi.

"Baba, bwana afya anayekuja, wanasema ulimfundisha."

Ndiyo. Namkumbuka. Kijana wa mbele kabisa, kila kitu alikinakili, hata nilipokohoa.

"Atakusikiliza wewe kuliko mimi," akasema.

"Unataka nimwambie uongo?"

"Sijasema hivyo."

"Kwa sababu akiniuliza nitasema ukweli. Nilikuonya. Nilikuonyesha mezani. Nitasema."

"Sema, baba." Bado macho yako chini, sauti haikutetemeka. "Usiukate katikati tu. Uanzie stoo. Viazi vyangu vilikuwa na chumba."

Nikamwambia hayo ni mambo ya nyumbani, hayaihusu serikali.

"Na mimi nilidhani chipsi ni za getini, hazimhusu mtu hospitali."

Akaniacha na mlango wazi. Ana ulimi huyu mwanamke. Angekuwa darasani kwangu ningempa adhabu, kisha ningempa alama zote.

Kwa nini nianzie stoo? Niliomba mimi? Niliitwa. Mzee afukuzwe chumbani kwa sababu ya mboga? Na kama wangeziba dirisha na kurudisha magunia, mimi ningelala wapi — varandani, chini ya taa, nigeuke kijani?

Jumanne, 1 Aprili

Bonge kafumbua macho, kamtambua mdogo wake, kisha kapotea tena. Waya kaenda hospitali, kakaa benchi na ndugu zake Bonge. Hawakumfukuza. Hawakumsemesha pia.

Hanisalimii. Anapita mlangoni kama anapita nyumba ya jirani.

Viazi bado viko varandani. Mkwe kaambiwa visiguswe mpaka vikaguliwe. Vingine vimechipua. Vinajitahidi. Nimesimama mbele ya magunia asubuhi hii, na kwa mara ya kwanza sikuona somo. Niliona chakula kilichoharibika, basi.

Jumatano, 2 Aprili

Bwana afya amefika. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, mlango umerudishwa. Nasikia kila kitu. Sauti imekomaa lakini ndiye yeye, anauliza kwa utaratibu, ananakili.

Anataka kujua viazi vimekaa hapo tangu lini.

Mkwe: tangu mwaka uanze.

Na kabla ya hapo alikuwa anaviweka wapi?

Sasa. Sasa atasema.

Kisha mkwe akasema, "Sikuwa na mahali maalumu."

Kadanganya. Waya yuko pale, nasikia kandambili zake zikisugua saruji, na hakumsahihisha mkewe.

Bwana afya kauliza turubai lilikuwa wazo la nani. Lake mwenyewe, kasema. Kauliza nani kamwambia kuwa kijani hakina madhara. Hakuna, kasema, alidhani ni rangi tu, hata yeye alikula.

Sikumwomba. Juzi hapa mlangoni alitaka nianzie stoo, leo mwenyewe kairuka. Anataka nini? Anataka niwe na kitu cha kumshukuru? Afadhali angenitaja. Nilikuwa nimejiandaa kutajwa. Nilikuwa na majibu.

Bwana afya kasema, na mwalimu je? Mwalimu wangu wa biolojia anaishi nyumba hii, kwa jinsi ninavyomjua asingepita kiazi cha kijani bila kufundisha kipindi kizima. Hakuona?

Na huyu mwanamke akamjibu, pole pole, kwa ile sauti ya asali, najua uso ulikuwa umegeukia ukuta:

"Baba ni mtu mzima. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri."

Macho yangu. Nasoma bila miwani. Naona kichwa cha sindano. Nimeona kijani kabla ya mtu yeyote katika nyumba hii, katika mtaa huu. Hata kunikinga ananikinga kwa kunitukana. Niende nje niseme macho yangu ni mazima? Basi niliona. Niliona, na Alhamisi nilisema hakuna neno. Nikae humu ninyamaze? Basi ni kipofu, mzee wa kuelekezwa choo, na yeye anafungiwa biashara na labda na zaidi, peke yake, na Waya ataniangalia hivyo mpaka nife.

Anakuja. Viatu vya ngozi, vinatembea taratibu. Anasema, ngoja nimsalimie mwalimu.

Kabisha hodi. Nimesema ingia.

Ameingia nusu. Ametazama chumba — kitanda, vitabu, dirisha. Ametazama dirisha sana, saruji yake bado mbichi kwa rangi, haijapakwa chokaa. Ametazama sakafu, pale kwenye kona ambapo udongo wa magunia haujawahi kutoka hata kwa brashi.

"Shule unaendelea nayo, mwalimu," amesema, kwa kuwa naandika.

Nimemwambia asubiri kidogo, nimalize sentensi. Amesubiri. Amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama zamani, hasogei mpaka mwalimu amalize. Mkwe yuko nyuma yake, naona ncha ya kanga. Waya yuko nyuma ya mkewe.

Naendelea kuandika. Wote wanangoja na mimi naendelea tu kuandika, maana nikiweka nukta